Samaki Oska: Kipimo cha Ukuaji Wake na Haki Yake kwa Mfugaji



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (S.W.T.) na kumtakia rehema na amani Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake, juma hili tunalijibu swali la dada yetu mmoja wa Likoni. Barua yake imekaa nasi kwa muda, kwa kuwa ilitulazimu kwanza kuwauliza wenye ujuzi wa jambo hili kabla ya kushika kalamu.

Dada yetu anasema kuwa wanawe wawili walinunuliwa na mjomba wao samaki wa kufuga, wa aina iitwayo oska, akiwa na urefu wa sentimita 4 hivi. Muuzaji aliwaambia kwamba samaki huyo hukua kwa kadiri ya chombo alichotiwa, basi hakuna haja ya tangi kubwa. Miezi mitano imepita. Samaki amefika sentimita 8 na hapo amesimama. Kila Ijumaa alasiri wavulana hununua samaki wadogo wa dhahabu wakamtupia wazima wazima, na watoto wa jirani huja kutazama. Baba yao amechoshwa na harufu, na amesema kuwa akirudi safari atamchukua samaki akamtupe baharini. Naye dada yetu, ambaye ndiye anayebaki na ndoo na tambara wavulana wanapokwenda madrasa, anauliza mambo matatu: Je, samaki huyu ana afya? Je, yafaa kumlisha viumbe walio hai? Na je, kumtupa kuna dhambi?

Yamkini wako watakaosema kuwa samaki wa mapambo hastahiki ukurasa mzima katika gazeti la familia. Lakini Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwuliza mtoto Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik (R.A.), habari za kidege chake, na wanazuoni hawakulipita jambo hilo kama mchezo. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii aliyeishi katika karne ya nne ya Hijra, aliandika risala nzima juu ya hadithi hiyo fupi na kutoa humo faida zipatazo 60. Miongoni mwa yaliyochukuliwa humo ni ruhusa ya mtoto kufuga kiumbe na kucheza naye, madhali hamtesi. Basi ruhusa ipo. Yaliyobaki ni sharti lake, nalo ndilo tunalolizungumza leo.

Oska ni samaki wa maji baridi atokaye Amerika ya Kusini, katika mto Amazon na vijito vyake. Ni wa ukoo mmoja na perege tunaowajua sokoni, na anayewatazama wawili hao kwa makini ataiona nasaba katika umbo la kichwa na pezi la mgongoni. Karibu na shina la mkia ana doa jeusi lenye duara la rangi ya chungwa, mfano wa jicho. Wataalamu hudhani kuwa doa hilo huwababaisha adui wamwumao samaki mapezi, wasijue kichwa ni kipi na mkia ni upi. Kwao huko hula wadudu, kamba wadogo, konokono na samaki wadogo. Ni mwindaji, ila si mwindaji wa kufukuza mbali. Hungoja, akafunua mdomo kwa ghafula, na maji yakaingia pamoja na kilichomo. Kwa hiyo kanuni yake katika tangi ni nyepesi: chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula, hata awe nduguye wa tumbo moja aliyechelewa kukua. Wafugaji wa kambale hapa Kenya wanaijua sana habari hii, ndiyo maana huvichambua vifaranga vyao mara kwa mara, wakubwa peke yao na wadogo peke yao.

Sasa tuje kwenye ukuaji. Kitoto cha oska kinacholelewa vizuri huongezeka kama sentimita 2 mpaka 3 kila mwezi katika miezi yake ya mwanzo. Afikapo mwaka mmoja huwa na sentimita 20 mpaka 25. Kuanzia hapo mwendo hupungua, na mwaka wa pili hufikia kama sentimita 30, wengine wakazidi. Huishi miaka 10 mpaka 15 akitunzwa. Yaani mtoto wa miaka minane anayenunuliwa oska leo aweza kumaliza shule ya upili, akaoa, na samaki yungali hai. Muuzaji ana wajibu wa kulisema hilo kabla ya kupokea pesa, kwani kuificha sifa ya kinachouzwa ni ghushi, awe samaki au awe mbuzi.

Kina mama wanakijua kijitabu cha kliniki, chenye ule mstari unaochorwa kila mtoto anapopimwa uzito. Muuguzi mwenye busara hatazami tu mtoto ana kilo ngapi leo. Hutazama mstari unakokwenda. Mtoto mwembamba ambaye mstari wake unapanda humtia moyo zaidi kuliko mnene ambaye mstari wake umelala kwa miezi mitatu. Samaki ni vivyo hivyo. Msimlinganishe na wa jirani, kwani wako wafupi na warefu kwa maumbile. Andikeni urefu wake wenyewe, mwezi kwa mwezi, muone unapanda au umelala.

Namna ya kumpima ni rahisi, wala asitolewe majini. Bandikeni rula kwa nje ya kioo, upande ule anaopenda kuja kuomba chakula, mngojee asimame sambamba nayo, kisha mmoja ampige picha kwa simu. Pimeni kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa nyama, pale mkia unapoanzia. Maana pezi la mkia huweza kukatika likaota tena, nalo huvuruga hesabu. Fanyeni hivyo kila mwanzo wa mwezi mwandamo, na hiyo iwe kazi ya wavulana. Juma moja bila nyongeza si kitu. Mwezi mmoja ni wa kutazamwa. Miezi miwili mfululizo kwa samaki ambaye hajafika hata sentimita 15 ni dalili kwamba kuna jambo.

Pamoja na urefu, tazameni umbo. Oska mwenye afya ana mwili mpana mfano wa yai, paji limejaa, tumbo limeviringa kidogo bila kuning'inia, mapezi yamekunjuka, macho maangavu, na humkabili anayemkaribia. Aliyedumaa huwa na macho makubwa kupita kadiri ya kichwa, kana kwamba macho yaliendelea kukua na mwili ukabaki nyuma. Mgongo wake huweza kupinda, na tumbo likabonyea. Asijifanye mtu kufurahi kwamba "amebaki mdogo, anapendeza". Huo si udogo wa kuumbwa, ni udogo wa kunyimwa.

Kukua kupita kiasi nako kuna aibu yake. Wako vijana wanaoshindana ni nani samaki wake atafika sentimita 25 kwanza, wakamlisha mara sita kwa siku na kuongeza joto la maji. Samaki wa namna hiyo hujaa mafuta katika ini, tumbo likafura, na maji yakaharibika upesi kuliko anavyoweza kustahimili. Tumbo lake halina akili ya kukataa, kwani kule mtoni hajui kesho atapata nini.

Turudi kwa lile neno la muuzaji, kwamba samaki hukua kwa kadiri ya chombo. Neno hili limeenea sana, na lina chembe ya kweli inayolifanya lidanganye zaidi: ni kweli kwamba samaki katika chombo kidogo hubaki mdogo. Lakini sababu yake si kwamba mwili wake umepima kuta ukaridhika. Sababu ni kwamba maji machache humwelemea kwa uchafu wake mwenyewe.

Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua, kila saa ya maisha yake. Kule mtoni maji huichukua. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Mwenyezi Mungu amejaalia bakteria ambao huigeuza amonia kuwa nitraiti, na wengine ambao huigeuza nitraiti kuwa nitreti. Hizo mbili za kwanza ni sumu hata zikiwa chache, na katika tangi lililotulia zapaswa kuwa sifuri. Nitreti ina madhara kidogo, ila ikijilimbikiza humdhoofisha samaki, humwondolea hamu ya kula na kumzuilia kukua. Wafugaji hujitahidi isizidi miligramu 20 kwa lita, au 40 kwa uchache wa tahadhari. Bakteria hao hukaa zaidi katika sifongo na vijiwe vya chujio, nao huchukua kama wiki nne mpaka sita kuenea katika tangi jipya. Ndiyo sababu samaki wengi hufa mwezi wa kwanza, watu wakasema ni jicho la hasidi.

Sasa zingatieni hesabu hii, kwani humo ndimo uliomo msiba wa samaki wa Likoni. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, uzito wake hauongezeki mara mbili. Huongezeka karibu mara nane, kwa kuwa hurefuka, hupanuka na kunenepa kwa pamoja. Aliyetoka sentimita 4 akafika 8 ana uzito wa kama wanane wa mwanzo. Akifika 16 ni kama 64. Chakula na uchafu navyo hupanda. Tangi la dada yetu, kwa vipimo alivyotuletea, lina lita 60. Lilimtosha mgeni wa siku ya kwanza. Kwa samaki wa leo ni sawa na familia nzima kukaa katika chumba kimoja chenye choo ndani yake na mlango umefungwa. Harufu inayomchukiza baba wa nyumba, huyo samaki anaivuta kwa matamvua usiku na mchana.

Oska mmoja aliyekomaa hutakiwa apate tangi la lita 280 hivi. Kwa fundi wa vioo, hilo ni kama urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50, na kioo kiwe kinene cha kustahimili uzito, kwani lita 280 za maji ni kilo 280 kabla ya kuhesabu vioo, mawe na meza. Msiliweke juu ya kabati la vyombo. Wakiwa wawili, nafasi iongezwe sana. Nao hupigana, hasa wanapofikia umri wa kutaga. Juu pawe na mfuniko wenye kitu kizito, maana oska huruka. Mawe makali yaondolewe. Mimea ya mapambo msiisikitikie. Ataing'oa yote, kwa kuwa hupenda kupanga nyumba yake kwa mikono ambayo hana.

Kuhusu joto, sisi wa pwani tumepewa nusu ya kazi bure. Oska hutaka maji ya nyuzijoto 24 mpaka 28, na kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya sebuleni Mombasa hukaa humo bila hita. Usiku wa kusi, mwezi wa Julai na Agosti, yaweza kushuka, hasa nyumba ikiwa ya ghorofa yenye upepo. Hapo hita ndogo yenye kipimajoto itafaa. Wakati wa kaskazi tatizo ni kinyume chake. Maji yakipata joto sana hewa yake hupungua, na samaki hupanda juu kutweta. Pampu ya hewa iongezwe, na chakula kipunguzwe.

Maji yenyewe ndiyo taabu ya mji wetu. Kisima chenye maji ya chumvichumvi hakimfai. Maji ya mfereji yana klorini, ambayo huunguza matamvua na kuua wale bakteria wema. Basi yaachwe katika ndoo wazi usiku mzima na mchana wake, au itumike dawa ya kuiondoa inayouzwa madukani. Kila juma toeni robo mpaka theluthi ya maji ya tangi kwa mpira, mkinyonya uchafu wa chini, kisha mrudishe mengine yenye joto lile lile. Msiyamwage yote kwa siku moja mkasugua tangi kwa sabuni, kama wafanyavyo wengi kwa kupenda usafi. Hilo humshtua samaki na kuwaondoa bakteria wote, mkarudi mwezi wa kwanza. Sifongo la chujio lioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, si kwa ya mfereji. Na maji hayo yaliyotolewa ni mbolea nzuri kwa asumini na mrehani wenu. Kwa udhu tumieni mengine. Kuna maneno ya mafakihi kuhusu kinyesi cha samaki, na hakuna dharura ya kuyaingia kwa ajili ya ndoo moja.

Stima ikikatika, chujio husimama, na baada ya saa kadhaa bakteria huanza kufa kwa kukosa hewa. Msimlishe saa hizo. Tekeni maji ya tangi kwa kopo myamimine kutoka juu, tena na tena, yapate kuchanganyika na hewa. Watoto huipenda kazi hii kuliko mnavyodhani.

Kwenye chakula, oska mdogo alishwe mara mbili au tatu kwa siku, kiasi anachokimaliza kwa dakika mbili, na kinachobaki kitolewe. Afikapo sentimita 15 hivi mara mbili zatosha; akikomaa, mara moja, na siku moja ya juma akae bila kula. Msingi wake uwe chakula cha punje kilichotengenezwa kwa samaki walao nyama, kwani kina vitamini zilizopimwa. Juu yake mpeni kamba mbichi aliyemenywa, kipande cha samaki mweupe kisicho na miiba, nyungunyungu walioshwa, au panzi wa mahali pasiponyunyizwa dawa. Uduvi na dagaa waliokaushwa kwa chumvi si chakula chake. Nyama ya ng'ombe na moyo wake, ingawa wengi huvisifia kwa kumkuza haraka, vina mafuta ambayo tumbo la samaki halikuumbwa kuyasaga, asizoezwe.

Ama samaki wa dhahabu wanaotupwa wakiwa hai, hapa tuna maneno mawili, moja la wafugaji na moja la sheria.

La wafugaji ni kwamba nyama ya samaki wa dhahabu ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mwindaji akilishwa hao mfululizo hupungukiwa na vitamini hiyo, akakosa hamu, akayumba, akadumaa. Aidha wale wa bei nafuu hurundikwa dukani katika maji mabaya, na aghalabu huja na vimelea na magonjwa. Mnamnunulia samaki wenu maradhi kwa pesa zenu kila Ijumaa. Moja ya maradhi yanayofungamana na lishe mbovu na maji machafu ni lile la vishimo kichwani: huanza kama matundu ya sindano juu ya macho, kisha yakapanuka. Likishikwa mapema kwa kuyasafisha maji na kubadilisha chakula, mara nyingi hupungua.

La sheria, hatusemi kuwa mwindaji kula kiwindwa ni dhulma. Hiyo ndiyo riziki aliyopangiwa, na kule mtoni hakuna anayemkatia kamba vipande. Lau angekuwa hali kingine ila kilicho hai, mfugaji angekuwa na udhuru. Lakini oska huzoezwa chakula kilichokufa kwa siku chache tu. Basi haja imeondoka, na kilichobaki ni tamasha. Sayyidna Abdallah bin Umar (R.A.) alipowapita vijana waliomfunga ndege wakamfanya shabaha, aliwakemea na kuwaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Hali hizi mbili si moja kwa kila upande, na sitoi hukumu ya haramu kwa kila anayelisha kiumbe hai. Ila watoto kumi wanaokusanyika kushangilia mdogo akikimbizwa katika kisanduku kisicho na pa kujificha, hilo naliona ovu, na nawausia wazazi walikomeshe juma hili hili. Moyo wa mtoto nao hukua kwa unacholishwa.

Sasa swali la tatu. Imam Nawawi (R.H.) katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma kwa masheikh wetu, ameliweka suala la mnyama mwishoni mwa mlango wa nafaqa, ule ule wenye masurufu ya mke, watoto na wazazi. Maana ya aliyoyasema ni kwamba mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa amlishe, au amwuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Wafafanuzi wa madhehebu hawakuishia kwa ngamia na farasi. Wamemtaja nyuki, kwamba aachiwe asali ya kumtosha anapoihitaji, na mdudu wa hariri, kwamba mwenyewe amtafutie majani ya mforosadi. Ikiwa mdudu wa hariri ana nafaqa, samaki uliyemtia kiooni, ambaye hawezi kwenda kujitafutia, haki yake iko wazi. Na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka hakumpiga wala hakumtia moto. Alimfungia, asimlishe, wala asimwache ajilie. Samaki wa tangini nafaqa yake ni chakula na maji safi pamoja, kwani maji ndiyo hewa yake na ndiyo nyumba yake.

Kumtupa baharini si kumwachia huru. Oska ni wa maji baridi; maji ya chumvi humkausha kwa ndani, yakiyavuta maji ya mwili wake nje, akafa kwa mateso. Na asiseme mtu, basi tumpeleke Sabaki au Tana. Huko ataweza kuishi, na hilo ndilo baya zaidi. Oska waliotolewa matangini wamekwisha kujistawisha katika maji ya Florida na ya kaskazini mwa Australia, ambako hawakuwako. Nasi tuna somo la hapa nyumbani: mbuta alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amezagaa ziwa zima. Aina za fulu kwa mamia, samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani, zilitoweka. Ni kweli kwamba biashara ya minofu ilileta riziki kwa wengi. Lakini kilichopotea hakirudi.

Njia zilizobaki ni zile zile za Minhaj: mtunzeni ipasavyo, au muuzeni au mpeni mwenye tangi kubwa. Ama ya tatu, samaki hahitaji kuchinjwa, na oska kwao huliwa na ni halali. Lakini aliyetiwa dawa za tangini nisingemtia chunguni, na sidhani kama wavulana wangekubali kukaa kwenye sinia hiyo.

Dada yetu aanze hivi. Kwa siku tano, kila siku atoe moja ya tano ya maji na kurudisha mengine yaliyokaa wazi usiku na mchana, asiyatoe kwa pamoja, kwani samaki aliyezoea maji mabovu hushtuliwa na mema yajayo ghafula. Samaki wa dhahabu wakome. Samaki akigoma kula punje siku mbili tatu, au akilala ubavu kwa kununa, kama wafanyavyo oska wanapobadilishiwa jambo, asimbembeleze, njaa itamfundisha. Tangi la lita 60 haliwezi kumfikisha miezi miwili zaidi. Mjomba aliyetoa zawadi aambiwe kwa upole kuwa zawadi yake haijatimia, achangie kubwa zaidi. Akishindwa, samaki atafutiwe mwenye uwezo kabla ya mwezi huo wa pili kumalizika.

Je, atakua tena? Aliyekwama kwa miezi michache akiwa bado mdogo, mara nyingi huanza kuongezeka maji yanapokuwa mazuri, ingawa yawezekana asiufikie urefu ambao angeufikia. Akionyesha sentimita moja au mbili katika mwezi wa kwanza, yuko njiani. Asipoonyesha, na macho yakazidi kutokeza, basi ametunzwa kwa kuchelewa, na haki yake ya kula vizuri na kukaa pasafi ingalipo mpaka siku yake. Rula ibandikwe leo, tarehe iandikwe, na baba akirudi safari aonyeshwe daftari kabla ya kuonyeshwa ndoo.

Wallahu aalam.